Vimeto Gizani: Makala Tatu Zilizoibomoa Atomu ya Zamani

Risasi 62. Dhahabu 67. Platini 63. Bati 34. Fedha 27. Shaba 14.5. Chuma 10.2. Alumini 3.4.

Namba hizo nane zimo katika makala ya kurasa sita tu iliyosomwa mbele ya Royal Society ya London mwezi Juni 1909, na tangu nizione sijatulia. Kila moja ni hesabu ya vimeto kwa dakika: nukta ndogo za mwanga juu ya kioo kilichopakwa zinki salfaidi, na kila nukta ni chembe moja ya alfa iliyotupwa kwenye metali ikarudi ilikotoka. Ikarudi! Chembe inayokwenda takriban kilomita 18,000 kwa sekunde, iliyokuwa ikitarajiwa kupenya moja kwa moja na kuyumba kidogo tu, imegeuzwa ndani ya tabaka la metali ambalo unene wake hauonekani kwa macho. Na namba, kwa ujumla, zinashuka kwa mpangilio: metali nzito zinarudisha nyingi, nyepesi zinarudisha chache. Kuna kitu mle ndani. Unakiona kwenye safu ya namba kabla mtu yeyote hajakipa jina.

Wengi wetu kisa hiki tulikipata shuleni kwa mchoro mmoja. Karatasi ya dhahabu katikati, skrini ya duara kuizunguka, mishale michache inayopinda, na jina la Ernest Rutherford chini yake. Mchoro ule unatosha kwa mtihani. Makala zenyewe, jamani, ni kitu kingine kabisa! Ziko tatu: ya Hans Geiger na Ernest Marsden ya 1909, ya Rutherford ya Mei 1911, na ya Geiger na Marsden tena ya Aprili 1913. Zote zimetoka maabara moja, Manchester, Uingereza. Nimezisoma kwa mara ya kwanza, mfululizo, na ndio kwanza nimeziweka chini. Tumezoea kusimuliwa kwamba atomu ilibadilika kwa mshtuko wa siku moja. Haikuwa hivyo. Ilibadilika kwa kuhesabu, na mimi nimekuta kuhesabu kwenyewe kunasisimua kuliko mshtuko.

Anza na kifaa cha 1909, maana kinashangaza kwa uchache wake. Mrija wa kioo wenye umbo la pia umejazwa gesi inayotoka kwenye radiamu, ile tunayoiita leo radoni. Mdomo wake umezibwa kwa kipande cha ulanga, chembamba kiasi kwamba chembe za alfa zinapenya lakini gesi haitoki. Mbele ya mdomo kuna bamba la metali inayopimwa. Pembeni kuna skrini ndogo ya zinki salfaidi, na kati ya mrija na skrini kumewekwa bamba la risasi ili chembe yoyote isifike kwenye skrini kwa njia ya mkato. Nyuma ya skrini, hadubini. Basi! Hakuna duara, hakuna mitambo. Kitu kikimeta kwenye skrini, kimekuja kwa njia moja tu, nayo ni kuigonga metali na kurudishwa. Jaribio limepangwa hivi kwamba jibu la hapana lingekuwa giza tupu, na kwangu hakuna umbo la jaribio lililo zuri kuliko hilo.

Giza nalo ni giza kweli. Mhesabuji anakaa mpaka macho yake yazoee, kisha anatazama kipande kidogo cha skrini kupitia hadubini na kuhesabu, dakika baada ya dakika. Makala ya 1913 inaeleza mipaka ya jicho: vimeto vikizidi kama 90 kwa dakika mtu hawezi kuvifuata kwa uhakika, na vikipungua chini ya 5 hesabu haiaminiki. Hakuna kompyuta, hakuna kamera. Kifaa nyeti kuliko vyote katika chumba kile ni jicho la binadamu lililochoka.

Na macho ya nani? Geiger alikuwa Mjerumani wa miaka 26 ambaye tayari, mwaka 1908, alikuwa ametengeneza pamoja na Rutherford kifaa cha umeme cha kuhesabu chembe za alfa, mzazi wa kile kihesabio kinachobeba jina lake hadi leo. Marsden alikuwa na miaka 20, bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Miaka 20! Rutherford alipendekeza kijana huyo aangalie kama kuna chembe zozote zinazorudi nyuma, swali ambalo karibu kila mtu angelitarajia jibu la hapana. Kijana akatazama. Zilikuwepo.

Ili uone ukubwa wa jambo hilo, rudi kidogo Cambridge, mwaka 1897, maabara ya Cavendish. J. J. Thomson alipitisha miale ya kathodi kati ya mabamba mawili yenye umeme akaiona ikipinda. Heinrich Hertz alikuwa amejaribu hivyo hivyo kabla yake asione kitu, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ya mrija wake ilikuwa nyingi mno na ikauua uga wa umeme. Thomson aliifyonza hewa vizuri zaidi, na miale ikatii. Akapima uwiano wa uzito kwa chaji, akaukuta ni mdogo zaidi ya mara elfu moja kuliko ule wa ioni ya haidrojeni, tena ni ule ule hata ukibadilisha gesi, hata ukibadilisha metali ya kathodi. Kwa hiyo ndani ya kila atomu kulikuwa na vipande vidogo vyenye chaji hasi, na atomu haikuwa tena tonge lisilogawanyika. Pampu bora ya hewa ndiyo iliyoupata ushindi huo. Nalipenda sana jambo hilo.

Mwaka 1904 Thomson akachora atomu yake kikamilifu: tufe la chaji chanya iliyoenea kwa usawa, na elektroni zimepangwa ndani yake kwa miviringo. Vitabu vya shule huipitia atomu hiyo haraka, kana kwamba ilikuwa upuuzi uliokuwa ukingoja kufutwa. Siikubali dharau hiyo hata kidogo. Ilikuwa atomu yenye hesabu, iliyotamka wazi kitakachotokea chembe ya alfa ikipita ndani yake: chaji chanya imetawanyika, kwa hiyo msukumo ni dhaifu, kwa hiyo kila atomu itaipindua chembe kidogo sana, na mipindo mingi midogo itajumlishana, mingine huku, mingine kule. Ni kwa sababu ilisema wazi kiasi hicho ndiyo maana vimeto vya Manchester viliweza kuibana.

Sasa tazama jinsi Geiger na Marsden wanavyobana! Kwanza wanabadilisha metali, na wanapata zile namba nane. Kisha wanauliza: je, chembe zinaruka kutoka usoni mwa metali tu, kama vile uso ni mgumu? Wanachukua karatasi za dhahabu, wanazipanga moja juu ya nyingine, na vimeto vinaongezeka kadiri karatasi zinavyoongezeka, mpaka kufikia kikomo. Kumbe si uso. Ni mwili mzima wa metali. Kisha wanauliza ni sehemu gani ya chembe zote inayorudi, na jibu ni karibu moja katika kila 8,000. Kuna jambo dogo ambalo lilinifanya nisimame: hata walipoondoa bamba la metali kabisa, bado kimeto kilionekana mara moja moja, na wakaeleza kuwa kinatokana na hewa yenyewe iliyo njiani. Hewa! Hata hewa inarudisha chembe za alfa. Wakakikata kutoka kwenye hesabu zao na kuendelea na kazi.

Wakapiga pia hesabu moja ya kutisha: ni uga wa sumaku wa nguvu gani ungehitajika kuigeuza chembe hiyo nyuzi 90 ndani ya unene mdogo namna ile wa dhahabu? Jibu lao lilikuwa bilioni moja kwa vipimo vya wakati ule. Wakaandika namba hiyo, na makala ikaisha muda mfupi baadaye. Hakuna kiini. Hakuna nadharia. Nilifunua nikitafuta ukurasa mwingine! Kama kuna kasoro katika makala ya 1909 ni hiyo, kwamba inakupeleka hadi mlangoni na kukuacha umesimama, na mlango haufunguliwi mpaka karibu miaka miwili baadaye.

Unafunguliwa katika jarida la Philosophical Magazine, Mei 1911, kurasa 20, na mwandishi ni mmoja. Rutherford alikuwa ameshayatangaza mawazo haya tarehe 7 Machi mwaka huo mbele ya chama cha wasomi wa Manchester. Mkononi sasa ana pia vipimo vya Geiger vya 1910: katika karatasi ya dhahabu yenye unene wa sentimita 0.00004, pembe inayotokea zaidi ni nyuzi 0.87 tu. Chini ya digrii moja. Hata hivyo katika karatasi hiyo hiyo, chembe moja kati ya 20,000 inageuzwa kwa wastani wa nyuzi 90. Ziweke namba hizo mbili pamoja. Ikiwa mpindo wa kawaida haufiki digrii moja na kila mpindo ni jumla ya vijipindo vya nasibu, uwezekano wa kufika 90 ni mdogo kiasi cha kutotajika. Moja katika 20,000 ni nyingi mno. Ni nyingi kupita kiasi!

Kwa hiyo, anasema Rutherford, mipindo mikubwa haijumlishwi. Kila mmoja umetokea kwa mgongano mmoja, na atomu moja. Ukishakubali hilo, mengine yanafuata kwa kasi inayokata pumzi: atomu moja haiwezi kuirudisha chembe ya alfa isipokuwa ina uga mkali mno wa umeme, na uga mkali namna hiyo hauwezekani isipokuwa chaji imekusanyika mahali padogo sana. Padogo kiasi gani? Anachukua chembe inayokwenda karibu kilomita 20,900 kwa sekunde, anaielekeza kwenye atomu yenye chaji ya katikati iliyo mara 100 ya chaji ya elektroni, na anapiga hesabu ya mahali itakaposimama kabla ya kurudi. Inasimama sentimita 3.4 ukigawa kwa trilioni moja kutoka katikati. Nusu kipenyo cha atomu nzima ni kama sentimita moja ukigawa kwa milioni mia moja. Gawanya mwenyewe: karibu mara 3,000. Na huo ni umbali wa kusimama tu. Chaji yenyewe imo ndani zaidi.

Soma sehemu hiyo polepole. Atomu iliyoshiba, iliyojaa chaji toka ukingo hadi ukingo, inatoweka mbele ya macho yako ndani ya mistari michache ya aljebra, na mahali pake panabaki uwazi mkubwa wenye kitu kimoja katikati.

Lililonivutia kuliko yote ni adabu ya mwandishi. Neno kiini halimo katika makala hii. Anasema chaji ya katikati. Hata ishara ya chaji hiyo haiamui! Anasema hesabu zake zinasimama iwe chanya au hasi, na anaichukulia kuwa chanya kwa urahisi wa kazi. Anamtaja Hantaro Nagaoka wa Japani, ambaye mwaka 1904 alikuwa ameshachora atomu yenye uzito katikati na elektroni zikizunguka kama pete za Sarateni. Ule usemi maarufu wa Rutherford kuhusu kombora kubwa kurudishwa na karatasi laini hautaukuta humu. Aliutoa miaka mingi baadaye, katika mhadhara. Mwaka 1911 hakuna shangwe, kuna mtu anayedai kile tu ambacho vimeto vinamruhusu kudai. Shangwe nimeileta mimi msomaji, na siombi radhi!

Na kwa wasomaji wa Morogoro: jina la mtu huyu limo katika milima yenu. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani Willy Marckwald alieleza madini ya njano ya kaboneti ya urani yaliyotoka milima ya Uluguru, akayaita rutherfordini kwa heshima yake. Madini hayo yalitambulika kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mawe ya huko, miaka mitano kabla makala hii haijaandikwa. Nilipokumbuka hilo katikati ya kusoma, Manchester ilisogea karibu ghafla.

Kurasa chache za 1911 unaweza kuzipita haraka. Zile zinazojadili chembe za beta na vipimo vya mwanafizikia Crowther zilikuwa za lazima wakati ule, kwa kuwa vipimo hivyo vilionekana kumuunga mkono Thomson, na ilimbidi Rutherford aonyeshe kwamba vinaingia pia katika nadharia yake. Kwa msomaji wa leo zinachosha. Lakini usiuruke mstari wa kanuni yenyewe! Mwanafunzi wa kidato cha sita anayejua trigonometria na uhifadhi wa nishati ataifuata akiwa na kalamu mkononi. Inasema chembe zitakazofika mahali fulani kwenye skrini zinategemea pembe, unene wa karatasi, mraba wa chaji ya katikati, na kasi, tena kasi kwa kipeo cha nne. Punguza kasi ya chembe kwa nusu, na zinazopinda zinaongezeka mara 16. Kanuni inayojitokeza hadharani hivyo inaomba kupigwa.

Ndipo Geiger na Marsden wanarudi gizani.

Makala ya 1913 ndiyo niipendayo kuliko zote, na ninashangaa kwa nini husimuliwa kidogo. Safari hii kifaa ni sanduku la metali lililofyonzwa hewa. Skrini na hadubini zimefungwa kwenye sanduku na zinazunguka nalo, wakati chanzo cha chembe na karatasi ya metali vimesimama tuli katikati. Unazungusha, unahesabu. Unazungusha tena, unahesabu. Gesi ya chanzo inapungua yenyewe kila siku, hubaki nusu baada ya siku 3.8, kwa hiyo kila hesabu inabidi irekebishwe kwa saa iliyofanyika. Wanasema wamehesabu vimeto zaidi ya 100,000. Laki moja na ushei, kwa jicho!

Na matokeo? Kwa dhahabu, hesabu zikishasawazishwa, kwenye nyuzi 150 kuna vimeto 33.1. Kwenye 120, 51.9. Kwenye 60, 477. Kwenye 30, 7,800. Kwenye 15, 132,000. Namba zinapaa kama zimepagawa. Sasa gawanya kila moja kwa kile ambacho kanuni ya Rutherford inakitaka kwenye pembe hiyo, na jibu linabaki pale pale, kuanzia chini kidogo ya 30 hadi chini kidogo ya 40, njia nzima. Nilipofika kwenye safu hiyo ya mwisho ya jedwali nilipiga meza. Wakiunganisha na vipimo vya pembe ndogo zaidi, idadi za chembe zinatofautiana kwa mara 250,000, na uwiano bado haujakimbia. Fedha nayo inafanya hivyo hivyo. Wanajaribu unene: sawa. Wanapunguza kasi kwa vipande vya ulanga: kipeo cha nne, sawa. Wanalinganisha metali, na wanahitimisha kwamba chaji ya katikati, ikihesabiwa kwa chaji za elektroni, ni karibu nusu ya uzito wa atomu. Kwa dhahabu hiyo ingekuwa kama 98. Leo tunajua ni 79, na aliyeanza kulipanga jambo hilo sawasawa kwa miali ya eksirei ni Henry Moseley, katika maabara ile ile, mwaka ule ule wa 1913. Huyo anastahili makala yake peke yake.

Ushauri wangu kwa atakayezisoma: anza na 1909, kwa sababu ni fupi na utaumwa na hamu. Ruka hadi jedwali la pembe la 1913 ulitazame bila kuelewa. Kisha shika 1911 na kalamu, halafu rudi kwenye jedwali lile lile. Utaona namba zinazungumza.

Jambo moja Rutherford aliliacha wazi kwa makusudi. Elektroni inayozunguka, kwa fizikia ya wakati ule, ilipaswa kupoteza nishati kwa mnururisho na kuporomoka katikati, na atomu yake yote nayo. Anaandika kwamba suala la uthabiti wa atomu halina haja ya kujadiliwa katika hatua hii, na kusonga mbele. Ujasiri gani huo! Machi 1912 Mdenmaki wa miaka 26, Niels Bohr, aliwasili Manchester, akakaa miezi minne, na akaondoka na swali hilo mfukoni. Jibu lake lilitoka kwa makala tatu, Julai, Septemba na Novemba 1913, katika jarida lile lile. Ya Julai iko wazi mezani kwangu sasa hivi, na tayari nimeuona mstari wa haidrojeni.